Hotuba juu ya Elimu ya Shahada ya Sanaa za Maonyesho

(Hotuba hii ilisomwa mbele ya wanachama wa Kibondo na Kasulu katika mkutano wa pamoja. Yaletwa hapa kwa faida ya wale ambao kazi au ugonjwa uliwazuia kuhudhuria, maana kura itapigwa na wote.)



 Twawashukuru ndugu zetu wa Kibondo, walioanza safari tangu alfajiri ili mashauri haya yasiamuliwe na watu wa Kasulu peke yao. Mlitutuma watatu tukachunguze jambo moja, nasi tumelichunguza kwa kadiri ya uwezo wetu. Leo twarudisha majibu.

Twaanza na barua yenyewe. Ndugu yetu mmoja, karani wa masijala katika upande wa Kibondo, alituandikia kuomba msaada wa Mfuko wa Elimu kwa ajili ya binti yake. Binti huyo amemaliza Kidato cha Sita, amepata alama zinazotosha kuingia Chuo Kikuu, na amechagua kusoma shahada ya kwanza ya Sanaa za Maonyesho. Mnakumbuka yaliyotokea. Mwandishi alipofika penye maneno hayo ya mwisho, kicheko kilivuma ukumbini. Mtu mmoja akauliza kama sasa Mfuko wetu utawalipia vijana kujifunza kucheka na kulia. Yatupasa kukiri ya kwamba aliyeuliza hivyo ni mmoja katika sisi watatu. Baba wa binti alikuwa ameketi nyuma karibu na mlango. Hakujibu neno, akakunja nakala ya barua yake akaitia mfukoni.

Basi tuliondoka tukiwa na deni. Tulitaka kujua: je, elimu hii ni elimu? Yafaa nini kwa nchi, na hasa kwa nchi yetu hii ya milima ya Buha? Na je, ni haki kutumia fedha ya wanachama, ambayo hutolewa kidogo kidogo katika mishahara isiyo mikubwa, kwa kazi kama hii?

Kwanza, tuseme ni nini kinachofundishwa. Wengi wetu tulidhani ya kuwa mwanafunzi huenda huko kufundishwa kuruka na kupaka uso masizi. Sivyo. Shahada hiyo ni ya miaka mitatu, kama shahada nyingine nyingi za sanaa. Mwanafunzi hujifunza kuigiza, naam, lakini kuigiza ni sehemu moja tu. Hujifunza kuandika tamthilia. Hujifunza kuongoza wachezaji, yaani kuwapanga watu wengi wenye tabia mbalimbali wafanye kazi moja kwa saa moja iliyowekwa. Hujifunza maleba, taa, na ujenzi wa jukwaa. Husoma historia ya michezo ya kuigiza ya Afrika na ya mataifa mengine, na namna ya kuupima mchezo kwa hoja. Hujifunza pia kazi iitwayo sanaa za maonyesho kwa maendeleo, yaani kukaa na watu kijijini, kusikiliza shida zao, na kuwasaidia kuzitia katika mchezo ili wazijadili wenyewe. Mtu asiyejua kusoma vitabu vigumu na kuandika kwa utaratibu hawezi kumaliza kazi hiyo. Tulioona ni mchezo ni elimu yenye jasho.

Pili, tuseme ilianzia wapi. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, kikiwa na kitivo cha sheria tu. Mwaka 1963 kiliunganishwa na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha Dar es Salaam. Idara ya Sanaa za Maonyesho ilianzishwa humo mwaka 1967. Angalieni miaka hiyo, ndugu. Nchi ilikuwa na madaktari wachache mno, na wahandisi wachache kuliko madaktari. Walakini wakubwa wa nchi hawakuona ni upuuzi kufungua idara ya namna hii. Desemba 1962, nchi ilipokuwa jamhuri, Rais Nyerere aliunda wizara yenye kushughulika na utamaduni. Yeye mwenyewe, katika kazi zote za serikali, alipata wakati wa kufasiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili: Juliasi Kaizari iliyotoka 1963, na Mabepari wa Venisi iliyotoka 1969. Kama Rais wa nchi hakuona haya kukesha usiku na michezo ya kuigiza, sisi makarani tuna haya gani?

Majirani zetu nao hawakulala. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa bado mwanafunzi wa Makerere mchezo wake ulipoonyeshwa katika jumba la michezo la taifa huko Kampala, mwaka 1962. Makerere ikafungua idara yake ya muziki, ngoma na maigizo mwaka 1971. Kenya, kijana Henry Kuria aliandika mchezo wa Kiswahili, Nakupenda Lakini, akiwa mwanafunzi wa shule ya Alliance. Ukatolewa kitabu mwaka 1957.

Mti hutambuliwa kwa matunda yake, nayo matunda ya idara ya Dar es Salaam yanaonekana. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alisoma katika chuo hicho. Mwaka 1969 ilitoka tamthilia yake Kinjeketile, juu ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907. Wengi wetu tuliisoma shuleni. Kabla ya kuisoma tulikuwa na tarehe za vita na majina ya majemadari. Baada ya kuisoma tulijua ni shida gani humpata mtu aliyewapa watu wake neno la kuwaunganisha, kisha akaona neno hilo limemshinda nguvu. Hussein alikwenda Berlin, Ujerumani ya Mashariki, akapata shahada ya udaktari mwaka 1975 kwa kuandika juu ya maendeleo ya michezo ya kuigiza katika Afrika ya Mashariki.

Penina Muhando, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Mlama, alizaliwa mkoa wa Morogoro mwaka 1948. Alisoma sanaa hizi, akaandika Hatia (1972), Nguzo Mama (1982) na Lina Ubani (1984), akawa profesa na kiongozi wa juu katika Chuo Kikuu. Mwenzake Amandina Lihamba, naye profesa, alitoa Hawala ya Fedha mwaka 1980, aliyoitunga kutoka hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegali. Twawasihi wanachama waisome hiyo. Ni habari za mtu aliyeletewa hawala ya fedha na jamaa yake aliye ng'ambo, lakini hana cheti cha kumtambulisha. Basi kila afisi humtuma kwa afisi nyingine, na kila karani humwambia arudi kesho na karatasi nyingine. Sisi watatu tuliisoma kwa zamu. Tulicheka mwanzoni, tulipofika katikati tulinyamaza, maana tuliijua sauti ya karani yule. Ni sauti yetu.

Tatu, ndugu, liko neno ambalo husemwa sana barazani, ya kwamba mambo haya ni ya kigeni na hayamhusu Mwafrika, wala hayamhusu mtumishi wa serikali. Neno hili si kweli. Hapa Buha, nani asiyemkumbuka mzee wa kando ya moto ambaye akisimulia habari ya fisi na sungura hubadili sauti, na akifika penye fisi huinama hata watoto wakamkimbilia mama yao? Hakwenda chuo, lakini alikuwa mwigizaji. Ngoma zetu zina kiongozi, zina zamu, zina mavazi, na zina watazamaji wajuao iliyo nzuri na iliyo mbovu.

Na kama ni watumishi, basi tuwakumbuke wazee wetu wa kazi. Walipokuwa wakicheza beni, kutoka pwani hata bara, zama za Wadachi na za Waingereza, ni akina nani waliokuwa katika Marini na Arinoti? Wengi walikuwa makarani, askari, na wasomi wa misheni. Walijipa vyeo vya mfalme na jemadari, wakashona mavazi, wakatembea kwa gwaride. Mkubwa aliyetazama alidhani wanamwiga kwa kumpenda. Nao yamkini walikuwa wakimpima. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walipounda huko Tanga chama cha watumishi wa Kiafrika wa Tanganyika, hawakufikiri mishahara peke yake. Walitaka pia kuinuana kwa elimu na kwa mazungumzo mema. Chama kama chetu ni mjukuu wa chama kile, na mjukuu hapaswi kuwa mchoyo kuliko babu.

Nne, faida. Hapa ndipo palipotutaabisha, kwa kuwa mtumishi amezoea kuuliza: kazi hii yaleta nini?

Tutaanza na lililotokea mbele ya macho yetu. Katika kijiji kimoja cha bonde la Malagarasi, sisi tulikuwa katika msafara uliokwenda kuwahimiza watu kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Waraka ulisomwa. Ulikuwa waraka mzuri, wenye vifungu na tarakimu, na mmoja wetu ndiye aliyeupiga chapa. Watu walisikiliza wakiwa kimya kwa muda wa saa nzima, kisha wakaulizwa kama wana maswali, wakasema hawana. Mwalimu wa shule akaomba watoto wake waonyeshe kichekesho kidogo. Mtoto mmoja alikuwa baba wa nyumba asiyetaka kuchimba choo kwa sababu eti mkwewe atamwona akiingia. Watu walicheka hata machozi. Kicheko kilipokwisha, mama mmoja akasimama akasema kwa Kiha ya kwamba jambo hilo ni kweli, na ndiyo sababu nyumba nyingi hazina choo: watu wanaoneana haya na wakwe. Wakaanza kushauriana waweke wapi milango. Waraka wetu haukuwa na kifungu cha wakwe. Sisi tulijua idadi ya vyoo vilivyopungua; hatukujua kwa nini vimepungua.

Mtu asidhani hilo lilikuwa bahati ya siku moja. Kati ya 1982 na 1983 waalimu wa Chuo Kikuu walikwenda Malya, mkoa wa Mwanza, wakakaa na wanakijiji. Hawakuja na mchezo uliokwisha kuandikwa. Waliuliza kwanza. Shida iliyotajwa ilikuwa ya wasichana wa shule kupata mimba, nayo ikachezwa kwa ngoma na maigizo na watu wenyewe, ikajadiliwa hadharani, ingawa hapo mwanzo ilisemwa kwa kunong'ona tu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa redio uitwao Twende na Wakati, juu ya uzazi wa mpango na ugonjwa wa Ukimwi. Kwa ajili ya kuupima, eneo la mtambo wa Dodoma halikurushiwa mchezo huo mpaka mwaka 1995. Wachunguzi walipolinganisha, waliona ya kwamba katika maeneo yaliyousikia, matumizi ya uzazi wa mpango yalikuwa yameongezeka kuliko Dodoma. Hapo basi pana mizani, si maneno matupu. Na mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba walianzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari, ambamo wasichana hutaja wenyewe mambo yanayowazuia kusoma, huyaigiza mbele ya waalimu na wazazi, kisha hutafuta dawa yake. Mpango huo umekwisha kuvuka mipaka ya nchi yetu.

Tutazame nyumbani. Wilaya zetu ziko mpakani. Nyarugusu, hapa Kasulu, imepokea watu wa Kongo tangu 1996, na tangu 2015 watu wa Burundi walikuja kwa maelfu, Nduta ya Kibondo ikapokea wengi wao. Nani miongoni mwetu asiyejua uvumi na chuki ambayo huota kati ya mwenyeji na mgeni pasipo mahali pa kusemeshana? Kabanga ilifanywa kimbilio la watoto wenye ualbino waliokimbia kuuawa kwa ajili ya ushirikina. Jambo hilo ni la aibu, na chanzo chake ni imani iliyo ndani ya mioyo. Askari aweza kumkamata muuaji, wala hatusemi asimkamate; lakini imani haikamatwi kwa pingu. Yataka mtu ajuaye kuifikia pale ilipo.

Tano, twaja kwenye mashaka. Hatutaki kuwaficha kitu, maana fedha ni yenu.

Shaka la kwanza ni ajira. Tumeuliza, na jibu ni hili: hakuna ahadi. Wako waliomaliza shahada hii wakawa maafisa utamaduni katika halmashauri. Wako walioingia redio na televisheni. Wako walimu, watengeneza filamu, na watumishi wa mashirika. Lakini wako pia waliorudi nyumbani wakakaa, na wengine waliokubali kazi isiyohusiana na masomo yao. Sanaa za Maonyesho ni somo katika sekondari, ila shule zinazolifundisha ni chache, hivyo nafasi za ualimu nazo si nyingi. Anayetaka usalama wa mshahara tu asiende njia hii. Walakini tuongeze neno la haki: shahada nyingine ambazo hatuzicheki, nazo siku hizi hazina ahadi. Wangapi katika wilaya hizi mbili wana shahada za biashara na za uongozi, nao wanauza vocha za simu?

Shaka la pili ni gharama. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na mtoto wa mzazi asiye na uwezo aweza kuomba. Lakini fungu la mkopo halitoshi wote, na masomo ya udaktari, ya sayansi na ya uhandisi yamezoea kutangulizwa. Tena mkopo ni deni: tangu 2016 anayelipwa mshahara hukatwa asilimia 15 mpaka alipe wote. Karani wa masijala mwenye watoto watano hawezi kuziba pengo litakalobaki, na ndiyo sababu ametuandikia.

Shaka la tatu ni umbali na heshima. Toka Kibondo hata Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja, na wazee wanasema ya kwamba binti wa jukwaani huharibika. Tumelifikiri hili kwa staha. Binti huharibikiwa na watu wabaya, nao wako kila mahali, hata katika afisi zetu. Jukwaa halina mdudu wake peke yake. Na wale mabibi wawili tuliowataja, ambao walikuwa jukwaani tangu ujana wao, ndio waliowafundisha maelfu ya wasichana kusema hapana.

Shaka la nne lilitoka kwa ndugu mmoja wa Kasulu: kwa nini asiende Bagamoyo? Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilifunguliwa 1981, na tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Ni mahali pa heshima, na kwa kijana ambaye hakupata alama za Chuo Kikuu twashauri aende huko bila haya. Lakini huko hutolewa cheti na stashahada. Binti huyu ana alama za shahada, naye ataka kuandika. Kumpunguzia mtu elimu ili roho zetu zitulie si msaada.

Ndugu wanachama, imetubidi pia kukumbuka kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa hapa aliomba msaada kwa masomo ya namna hii hii. Mfuko ulikuwa na fedha. Tulimkataa katika dakika kumi, tukamwambia achague ukarani au ualimu. Alichagua ukarani ili atupendeze, akashindwa mitihani, akaacha. Leo yeye ndiye mshereheshaji wa arusi zote za wilaya, na kila mtu humsifu kwa namna asemavyo. Mmoja wetu alimwendea kumwuliza kama ana kinyongo. Alisema hana, ila alitamani angalau tungemwuliza ataka kuandika nini. Hatukumwuliza. Tulikuwa na haraka ya kwenda chakula.

Kwa hiyo safari hii tuliuliza. Tulimwita binti pamoja na baba yake, tukaketi nao katika chumba cha masijala kwa kuwa ukumbi ulikuwa na kazi. Tulimwuliza: mwanangu, ukipata elimu hiyo, mchezo wako wa kwanza utahusu nini? Akanyamaza kidogo, akamtazama baba yake, kisha akajibu.

Alisema ya kwamba bibi yake mzaa baba aliachwa na baba yake angali mtoto. Huyo baba alitoka kwao, upande wa Kibondo, akaenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya katani, kama walivyokwenda Waha wengi wa siku zile. Hakurudi, wala barua haikuja. Mama yake bibi aliendelea kumwekea kiti chake nyumbani miaka mingi, wala hakumruhusu mtoto kukikalia. Hata leo bibi huyo, ambaye sasa ni kikongwe, hakikalii kiti chenye mgongo. Binti akasema: "Nataka watu wakione kile kiti."

Ndugu, tulikaa kimya katika chumba kile, na majalada yakituzunguka pande zote. Mnajua watu wale waliitwaje. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikiwa namba. Na aliyeandika namba hizo daftarini alikuwa nani? Alikuwa karani. Hatusemi karani yule alikuwa mbaya. Alifanya kazi yake, na hati yake bila shaka ilikuwa safi. Lakini daftari lilihifadhi namba, lisihifadhi mtu. Sasa amekuja mtoto wa karani, ataka kujifunza kumrudisha yule mtu. Tukaona ya kuwa hatuwezi kumwambia kazi hiyo haituhusu.

Basi haya ndiyo mashauri yetu, nanyi mna uhuru wa kuyakubali au kuyatupa.

Mosi: Mfuko wa Elimu umsaidie binti huyu kwa mwaka wa kwanza, kwa kadiri ile ile ambayo humsaidia mwanafunzi wa somo lingine lolote, isizidi, wala isipungue kwa sababu ya jina la somo.

Pili: msaada wa mwaka wa pili na wa tatu utegemee matokeo ya mitihani, kama ilivyo desturi yetu, na kama Bodi ya Mikopo itampa fungu, Mfuko ulipe tofauti tu.

Tatu: baba yake aendelee kuchanga sehemu yake. Yeye mwenyewe ameliomba sharti hili, akasema hataki binti yake asomeshwe kama yatima hali baba yu hai.

Nne: katika likizo kubwa ya kila mwaka binti arudi, afanye kazi na vijana wa Kibondo na wa Kasulu katika mchezo mmoja, kwa Kiswahili au kwa Kiha, nao uonyeshwe katika wilaya zote mbili. Hilo si malipo. Ni njia ya sisi kuona kinachoota katika shamba tulilolima.

Tano: Chama kinunue nakala chache za tamthilia tulizozitaja, ziwekwe katika kabati la vitabu, ili wanachama wahukumu kwa kusoma na si kwa kusikia.

Kura zitapelekwa kwa Mwandishi kwa maandishi kabla ya mkutano ujao. Atakayekataa na aandike sababu; tutazisoma zote kwa sauti, wala jina halitatajwa. Kama hesabu ya Mshika Fedha itaonyesha ya kwamba fedha haitoshi, tutakubali, maana fedha isiyokuwapo haigawanywi. Lakini tusikatae kwa kicheko. Mara ya kwanza tulicheka, na mwenzetu akatoka ukumbini na barua yake mfukoni.

Tumwombe radhi leo, akiwa yupo nasi. Sisi watatu twaanza: ndugu, utusamehe.